Chai Isiyo na Majani

Mgeni wa kwanza kuingia nyumbani kwetu Idaho alikataa chai.

Naanza na hilo kwa sababu kwetu sisi watu wa pwani, mgeni akikataa chai, ama ana ugomvi nawe ama anaogopa umemtilia kitu. Huyu hakuwa na ugomvi wala hofu. Alikuwa mama wa makamo, jirani wa mkono wa kushoto, kaja na mkate wa moto aliouoka mwenyewe na kuufunga kwa kitambaa. Nikamkaribisha sebuleni katikati ya maboksi, nikabandika sufuria: maziwa, majani, iliki, tangawizi. Nilipomletea kikombe alikishika kwa mikono miwili kama anayepasha vidole, akakiweka mezani taratibu, akasema kinanukia vizuri mno lakini hanywi. Nikadhani ni sukari. Sivyo. Maziwa? Sivyo. Tukabaki tunatazamana. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa kurithi, kwamba kanisani kwao hawanywi chai.

Hiyo ilikuwa 2011. Vikombe vyote viwili nikavinywa mwenyewe baada ya kumsindikiza mlangoni, na mkate tukaumaliza usiku uleule.

Tulihamia magharibi ya Boise, kwenye bonde linaloitwa Treasure Valley, kwa sababu mume wangu alipata kazi na nyumba zilikuwa za bei tunayoimudu. Mji wa Meridian, ulio jirani nasi, ulikuwa na watu wasiofika 10,000 mwaka 1990. Sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya 117,000. Mashamba ya mahindi na zizi za ng'ombe wa maziwa yamegeuka mitaa ya nyumba zinazofanana kama mayai. Waliokuja wametoka kila upande, California wengi, Utah wengi pia, na hao wa Utah wamekuja na kanisa lao, la Wamormoni, lilelile la jirani yangu. Si kwamba kanisa lilikuwa geni. Idaho ndilo jimbo la pili Marekani kwa uwiano wa Wamormoni baada ya Utah, takriban mtu mmoja kati ya wanne, na huko mashariki, miji kama Rexburg, asiye Mmormoni ndiye wa kutafutwa kwa tochi. Lakini upande wetu wa magharibi walikuwa wachache kuliko huko. Katika miaka yangu hapa nimeyaona majengo yao ya ibada yakiota, moja baada ya jingine, kila moja na uwanja wake wa kuegesha magari na mnara mwembamba usio na msalaba.

Niseme mapema kuhusu jina. Wenyewe hawapendi tena kuitwa Wamormoni. Mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell Nelson, aliwaomba waumini na dunia nzima itumie jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Naheshimu ombi hilo nikiongea nao. Humu nitasema Mmormoni kwa kuwa ndivyo mtaani wote tunavyosema, wao wakiwemo wanapojisahau.

Sasa, ukarimu. Siku tuliyofika na lori la mizigo hatukumjua hata mtu mmoja. Mume wangu alikuwa ameshusha godoro la kwanza, akaona wanaume wanane wanavuka barabara, wengine na glavu za kazi tayari mkononi. Hawakuuliza sisi ni nani wala dini gani. Chini ya saa moja lori likawa tupu, na kitanda cha watoto kimeshafungwa skrubu. Baadaye nilijua kwamba hiyo ndiyo akidi ya wazee, kikundi cha wanaume wa kanisa, na kwamba kuhamisha watu ni kama kazi yao ya jadi. Wenyewe wanataniana kuhusu hilo. Nilipojifungua mtoto wa pili, akina mama wa Muungano wa Usaidizi wakaleta chakula usiku tano mfululizo kwa zamu, na mmoja alipiga simu kwanza kuuliza kuhusu nyama ya nguruwe. Nimeishi na Waislamu wenzangu wasionifanyia hivyo.

Kwa hiyo anayesoma akitarajia nilalamike kwamba watu hawa wana roho mbaya, atafute kwingine. Ninachotaka kukieleza ni kigumu zaidi kukishika, na kilinichukua miaka kukipatia maneno.

Kanisa lao limegawa ardhi. Katika dini nyingi hapa Marekani unachagua kanisa unalolipenda, ukichoka na mhubiri unahama. Kwao huchagui. Mtaa wako uko ndani ya mipaka ya kata fulani, kata kadhaa zinafanya kigingi, na utasali na wale ambao ramani imekupa. Askofu wa kata halipwi. Ni fundi, daktari wa meno, mwalimu, anatumikia miaka kadhaa kisha anampisha mwingine. Watu wakizidi, kata inakatwa mbili. Maana yake ni kwamba kata si jengo unaloendea Jumapili. Kata ndiyo mtaa wenyewe. Watu unaosali nao ndio haohao wanaokata nyasi upande wa pili wa uzio, wanaomfundisha mwanao mpira, wanaokujulia hali ukiugua.

Mimi ninaishi ndani ya ramani hiyo bila kuwa ndani ya orodha.

Ilinichukua muda kuona. Nikihitaji fundi wa bomba, jirani ananipa namba: "yuko kwenye kata yetu". Daktari wa meno, yuko kwenye kata. Yaya wa jioni, binti wa kata. Nafasi ya kazi ofisini kwa fulani ilijazwa kabla haijatangazwa, na hakuna aliyefanya hila. Walikutana tu Jumapili mlangoni, mmoja akataja, mwingine akasema kaka yangu anatafuta. Sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa nyumba ya tatu, watoto kumi na wanne, wa kwangu hayumo. Nilipomuuliza mama yake kwa utani, alishika mdomo. Alikuwa amewaalika darasa la Jumapili. Hakumkataa mwanangu. Hakumkumbuka. Na ukitaka ukweli, kukataliwa kungekuwa rahisi, maana anayekataliwa ana mtu wa kumkasirikia.

Siasa nitaipita haraka. Watu hujazana hofu kwamba kanisa linaendesha jimbo kwa siri. Mike Crapo kwenye Seneti na Mike Simpson kwenye Baraza la Wawakilishi ni waumini, na hakuna aliyeficha. Ninachokiona mimi kwenye mikutano ya mji ni watu wanaofika kwa wakati, waliozoea kusimama na kusema mbele za watu tangu wakiwa wadogo, wanaojuana majina. Sisi wengine tunafika wawili, tumechelewa, hatujuani. Hiyo si njama, ni mazoezi.

Jirani yangu wa mkono wa kushoto ana mtoto wa kiume, wa mwisho, aliyezaliwa mwaka mmoja na binti yangu. Walikua pamoja kwenye nyasi za mbele. Mwaka 2013 kijana alipotimiza miaka minane tukaalikwa ubatizo wake, kwani kwao huo ndio umri. Alivaa nyeupe tupu, baba yake naye nyeupe, wakaingia kwenye kisima cha ndani ya jengo, akazamishwa, ikabidi warudie kwa sababu kidole cha mguu kilibaki juu ya maji. Watoto wakacheka. Ilikuwa shughuli nzuri. Kwenye gari kurudi binti yangu akaniuliza yeye atazamishwa lini. Nikamwambia sisi hatuzamishwi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi nitakuwa nani?"

Nilimjibu vizuri, nadhani. Nilimwambia habari za bibi yake na madrasa na Idd. Lakini kwa mtoto wa miaka minane kwenye mtaa ule, dini ilikuwa kitu kinachoonekana kwa macho, na ya kwetu ilikuwa dakika ishirini na tano kwa gari.

Kisha kulikuwa na Jumatatu. Tangu 1970 kanisa lilitenga Jumatatu jioni iwe ya familia nyumbani: hakuna mikutano, hakuna ziara, baba na mama na watoto wanakaa pamoja, wanaimba, wanasoma, wanacheza, wanakula kitu kitamu. Ni jambo la kusifiwa. Ila saa kumi na mbili na nusu ikifika mtaa wetu ulikuwa unafungwa kama bomba. Baiskeli zinaachwa zimelala kwenye nyasi, milango inagongwa mmoja baada ya mwingine, na binti yangu anabaki kwenye ukingo wa barabara na mpira wake, anaudunda. Jumapili tuliizoea, tulikuwa na safari zetu. Jumatatu hatukuizoea kamwe.

Akiwa sekondari ikaja seminari. Huku, kama ilivyo Utah na Arizona, mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kipindi kimoja cha mchana akasome dini nje ya shule. Utaratibu huo ulianza Salt Lake City mwaka 1912. Kanisa hujenga jengo dogo pembeni kabisa ya shule, si ndani ya uwanja wake, ili sheria itimie. Kengele inalia, nusu ya darasa inavuka barabara. Wengine wanapewa kipindi cha kujisomea. Binti yangu aliutumia kujifunza kuchora, na anachora vizuri hasa, kwa hiyo sina neno. Ila aliniambia siku moja kwamba yale waliyoyacheka ng'ambo walirudi wakiendelea kuyacheka, na yeye alikuwa kama anayeingia sinema katikati.

Kuna mahali pamoja ambapo tulielewana kuliko nilivyoelewana na Mmarekani yeyote. Kila Ramadhani kazini naulizwa swali lilelile: hata maji? Nikijibu hata maji, macho yanawatoka. Jirani yangu hakuuliza. Wao Jumapili ya kwanza ya kila mwezi hufunga, milo miwili, bila chakula wala maji, na fedha ya chakula ambacho hawakukila huitoa kwa maskini wa kata. Nilipomwambia nimefunga alitikisa kichwa tu, akahamisha sahani ya biskuti aliyoniletea akaifunika, akasema, "Ya baada ya jua kuzama." Kwenye harusi zao pia hakuna pombe, mtu husimama wima mpaka mwisho. Mimi mwanamke niliyejistiri nimekaa kwa raha kwenye sherehe za Wamormoni kuliko za wafanyakazi wenzangu. Kinachonichekesha ni kwamba huyuhuyu anayeogopa majani ya chai hupita asubuhi kwenye dirisha la soda, anachukua kopo la Diet Coke lenye ukubwa wa ndoo, limetiwa sharubati ya nazi na krimu. Neno la Hekima, sheria yao ya afya ya mwaka 1833, lilikataza vinywaji vya moto, na wakubwa wao wakalifasiri kuwa ni chai na kahawa. Soda imepita pembeni. Kila dini ina dirisha lake la soda, na la kwetu nalijua.

Jirani yangu huyu ndiye aliyenifundisha historia ya Idaho. Tulikuwa tunang'oa magugu kila mmoja upande wake, mwaka wa uchaguzi, akaniambia babu wa baba yake hakuruhusiwa kupiga kura. Nilidhani anatania. Katika miaka ya 1880, Idaho ikiwa bado haijawa jimbo, wapiga kura walitakiwa kula kiapo kwamba hawaoi wake wengi wala si wafuasi wa chama chochote kinachofundisha hivyo. Hata mwenye mke mmoja, au asiye naye kabisa, alitupwa nje kwa kuwa muumini tu. Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali sheria hiyo mwaka 1890, katika kesi ya Davis na Beason, na Idaho ilipokuwa jimbo mwaka huohuo ikaiweka kwenye katiba. Kanisa lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890 huohuo, lakini maneno yale yalibaki kwenye katiba ya Idaho mpaka wapiga kura walipoyafuta mwaka 1982. Jirani yangu alikuwa mtu mzima tayari. Kabla ya hapo walikuwa wamefukuzwa Missouri, ambako gavana aliandika amri mwaka 1838 kwamba waangamizwe au watolewe katika jimbo, kisha Illinois, ambako mwanzilishi wao Joseph Smith aliuawa na kundi la watu akiwa jela mwaka 1844.

Nilikaa na hayo siku nyingi. Nikaelewa kwa nini wanashikana vile, kwa nini wanajua kuhamisha nyumba ya mtu kwa saa moja. Watu waliofukuzwa tena na tena hujifunza kubeba.

Lakini na mimi nilikuwa na swali langu la historia. Nilisubiri mpaka tumezoeana, nikamuuliza kuhusu Juni 1978. Kabla ya mwezi huo mwanamume mweusi hakuweza kupewa ukuhani katika kanisa lao, na mtu mweusi, mume au mke, hakuweza kupokea ibada kuu za hekaluni. Alikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa msichana, redio ilikuwa jikoni, mama yake aliketi sakafuni akalia kwa furaha. Nikamuuliza, "Na siku iliyotangulia mlikuwa mnasema nini?" Alichelewa kujibu. Angeweza kunipa maelezo. Yapo mengi yaliyotolewa zamani, na kanisa lenyewe limeyakana. Hakuyatoa. Alisema, "Tulikuwa hatusemi. Ndiyo shida yenyewe." Nilimpenda kwa jibu hilo kuliko kwa mikate yake yote.

Mwaka 2017 hekalu la Meridian, ambalo si sawa na majengo yao ya Jumapili, likakamilika, na kabla ya kuwekwa wakfu likafunguliwa kwa kila mtu wiki chache. Tulikwenda familia nzima. Kijana mmoja alipiga magoti akatuvisha mifuko ya plastiki juu ya viatu, akamvisha na mama mkwe wangu aliyekuwa akitutembelea, ambaye alishtuka akadhani anaoshwa miguu. Tukaona kisima cha ubatizo kilichobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili, tukaona chumba cha juu cheupe chenye taa za kioo, ambako watu hukaa kimya. Mama mkwe alinong'ona kwamba ni pasafi kama msikitini ila pamezidi viti. Mwezi Novemba milango ikafungwa kwa sisi wengine, na sasa huingia mwenye kibali cha askofu tu. Usiku linawaka mnara wote. Nauona nikirudi kazini.

Najua kwingine minara hii imeleta magomvi. Kule Fairview, Texas, walitaka mnara wa zaidi ya futi 170, majirani wakapinga, wakabishana mpaka 2025 wakaishia futi 120. Nasoma habari hizo nikiwa na aibu kidogo. Nimekulia Tanga chini ya kipaza sauti cha msikiti, na nyumba ya pili alikaa mama mmoja Mlutheri kutoka Upareni ambaye miaka yote aliamshwa alfajiri na adhana yetu. Ramadhani alikuwa akipika mchana na dirisha limefungwa, moshi umejaa ndani, ili harufu isitusumbue. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wala hakuna aliyemwambia asifanye.

Mimi naye hatukuwahi kuongea kuhusu dirisha lile. Nimemfikiria Idaho kuliko nilivyowahi kumfikiria tukiwa tunapakana ukuta.

Kijana wa jirani aliondoka mwaka 2023, umri miaka kumi na minane, kwenda umisionari wa miaka miwili. Wamisionari wa kiume huitwa Elder, na Waswahili wa kanisa hilo wanatafsiri Mzee, kwa hiyo mtoto niliyempaka dawa magotini aliondoka na kibandiko cha jina kifuani akiwa Mzee. Barua ya wito ilipofika, mama yake alikuja mbio bila kubisha hodi. Wamempeleka Kenya. Alitaka nimwambie kila kitu. Nikamwambia mimi ni wa Tanga, lakini nitajaribu. Nikampa kijana maneno kumi ya kuanzia.

Alirudi mwaka jana. Jioni nikasikia hodi, si kengele, hodi kwa mdomo, mara tatu. Nilipofungua alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mlango kama mtu mwenye adabu zake, amekonda, ameungua jua.

"Shikamoo, mama."

Ilibidi nishike fremu ya mlango. "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Akavua viatu. Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya Nairobi, kimevunjikavunjika, lakini alikitumia bila woga. Kwa miaka mingi sasa nabandika sufuria mbili: moja ya majani, moja ya mchaichai na tangawizi tupu, ambayo haimo katika makatazo yao. Nikamimina ya pili. Akaicheka, akaniambia kule kila nyumba alikoingia aliwekewa chai, na kila alipokataa waliona amewadharau. Bibi mmoja alimuuliza kama ameambiwa na mtu kwamba yeye ni mchawi.

"Ukawa unafanyaje?"

"Naomba maji ya moto. Nakunywa polepole, kama chai."

Nikacheka mpaka machozi. Yeye aliacha kucheka mapema. Alizungusha kikombe, akasema kwamba plotini walipokaa kulikuwa na siku wapangaji wote wanatoka kwenda kwenye shughuli ya mtu, msiba au harusi, na yeye na mwenzake wanabaki peke yao uani. Hakuna aliyewafukuza. Walikuwa wamesahaulika tu.

"Nikamkumbuka," akasema, akaonyesha kwa kidevu chumba cha binti yangu, ambaye sasa anasoma chuo. "Zile Jumatatu, na mpira. Nilikuwa namwona dirishani."

"Ulikuwa unamwona?"

"Kila Jumatatu, mama. Niliwahi kumwambia mama yangu. Akasema tutamwita wiki ijayo."

Sikumjibu. Sufuria ya majani ilikuwa imeanza kuchemka, nikainuka kuipunguzia moto. Niliporudi alikuwa amemaliza kikombe na kukinyoosha kwangu kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa huko.

"Niongezee, mama. Na sukari."

Nikamtilia vijiko vitatu.